Mtihani wa Kusema Huanza Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wazee, waalimu na wazazi, Bagamoyo.)

Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kalamu na majalada, wala sikupata kuwa mwalimu. Umri wangu ni miaka thelathini na kitu, na katika baraza hii wako watu wanaoweza kunizaa. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha. Nimekuja kuungama kosa langu, asije mwingine akalifanya.

Neno langu ni juu ya mtihani wa kusoma na kusema wanaofanya watoto wetu wa darasa la pili. Wengi wetu tumezoea mitihani ya kuketi kimya na kuandika. Huu haufanani na ile. Mtoto huitwa peke yake, akaketi mbele ya mtahini ambaye pengine hajapata kumwona. Hupewa karatasi, akaambiwa, "Soma." Naye husoma silabi, kisha maneno, kisha hadithi fupi, na mtahini hutazama saa yake. Halafu huulizwa maswali juu ya hadithi ile, naye hana budi kujibu kwa kinywa chake. Katika upimaji uliofanywa nchini mwaka 2013 kwa watoto wa darasa hilo, hadithi ilisomwa kwa dakika moja tu. Na tena yalikuwamo maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kama mtoto anasoma herufi kweli au anakumbuka tu.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2010 ulianza hapa Tanzania upimaji uitwao Uwezo, ambao umefanywa pia Kenya na Uganda. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba, wakaketi na mtoto mmoja mmoja, wakamsikiliza akisoma. Wakaona ya kuwa hapa kwetu zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiasi cha darasa la pili. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yakageuzwa, yakatiliwa nguvu mambo matatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, ambayo watu huyaita KKK. Maana yake ni hii: mtoto akipita darasa la pili bila kujua kusoma, masomo yote ya mbele humpita kama mashua zinavyompita mtu aliyeketi ufukoni. Wenzake wamekwisha tweka matanga, yeye yuko pale pale.

Sasa nitawaeleza yaliyonipata mimi.

Ninaye binti, naye alipokuwa darasa la pili nilisikia ya kuwa mtihani huo unakaribia. Nikasema moyoni, "Mimi ni mtu wa kalamu, haiwezekani mwanangu akashindwa kusoma." Nikatwaa kitabu chake, nikachagua hadithi tatu, nikaanza kumfundisha kila usiku baada ya chakula. Nilisoma mstari, naye akaufuata. Nikasoma tena, naye akaufuata tena. Baada ya wiki chache alikuwa akizisoma hadithi zote tatu mbio kama maji ya mvua. Nikafurahi mno. Nikawaita hata jirani zangu waje kumsikia.

Siku ya mtihani akaitwa, akapewa karatasi yenye hadithi ya mvuvi. Mtoto akaiangalia, akafungua kinywa, akaanza kusema hadithi ya mbuzi, ambayo ndiyo ya kwanza katika zile nilizomfundisha. Mtahini akamzuia kwa upole, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia. Mtoto akanyamaza. Mtahini akamsomea mwenyewe, kisha akamwuliza, "Nani alikwenda pwani?" Kimya. Akamwuliza mara ya pili na ya tatu. Kimya. Na huyu ni mtoto wa Bagamoyo, ambaye tangu kuzaliwa kwake huwaona wavuvi kila asubuhi wakitia ngalawa majini! Akaandikwa katika watoto wasiojua kusoma, wanaopaswa kufundishwa tena.

Nilipopata habari hizo nilighadhibika. Nilimkemea mwanangu kwa maneno ambayo hayampasi baba kumwambia mtoto wake. Kisha nikatwaa kile kitabu, nikampa makusudi kichwa chini miguu juu, nikamwambia, "Soma!" Akasoma hadithi ya mbuzi yote, hakukosa hata neno moja. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa sikumfundisha kusoma. Nilimfundisha kuimba.

Nikamwuliza, "Na lile swali la mvuvi? Hukulielewa?" Akasema, "Nililielewa, baba." "Basi mbona hukujibu?" Akainama, akasema, "Uliniambia nisiseme mbele ya watu wazima."

Wazee wangu, sikuwa na neno la kumjibu. Ni kweli nilimwambia hivyo, tena mara nyingi. Kila wageni walipokuja nyumbani nilimwambia, "Nyamaza, wakubwa wanazungumza." Kila alipouliza jambo nilimwambia, "Nenda kwa mama yako." Kwa miaka minane nilimfunga kinywa, kisha kwa siku moja nikataka kifunguke mbele ya mgeni.

Likizo ilipofika tulimpeleka kwa bibi yake, Mlingotini. Bibi huyo hajui kusoma wala kuandika. Kazi yake ni kilimo cha mwani. Naye anao mkebe ambamo ameweka karatasi zake zote: stakabadhi za mwani aliouza, kadi ya hospitali, na barua moja ya zamani. Jioni ya kwanza akautoa mkebe ule, akasema, "Haya, mke mwenzangu, mimi sina macho ya karatasi. Nisomee, kisha uniambie kwa maneno yako." Mtoto akaanza kusoma mbio kama alivyozoea kwangu. Bibi akamwambia, "Polepole. Sikio langu halina mbio. Hapo umesema nini? Kilo ngapi? Za siku gani? Mbona siku ile nyingine ni nyingi kuliko hizi?" Na mtoto asipojua jibu, ilimpasa kuirudia karatasi na kuitazama tena, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Wakafanya hivyo kila jioni. Karatasi za mkebe zilipokwisha, akamsomea vipande vya magazeti yaliyofungiwa vitu vya dukani. Aliporudi kwangu hakuwa akisoma mbio. Alisoma polepole kuliko zamani. Lakini macho yake yalikuwa juu ya herufi, na nilipomwuliza jambo alinitazama usoni akanijibu. Mwalimu wake alipompima tena, alisoma hadithi asiyopata kuiona, akakwama mahali pawili, akajibu maswali yote isipokuwa moja. Na juu ya hilo moja alimwambia mwalimu, "Hili silijui, mwalimu. Neno hili maana yake nini?" Nami nalihesabu neno lake hilo kuwa ushindi mkubwa kuliko yote.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mimi mwenye elimu ya shule ya misheni, niliye na meza na muhuri, nilishindwa. Na mwanamke asiyejua alifu wala be aliweza. Sababu yake nini? Mimi nilipomwuliza mtoto, nilikuwa nalijua jibu, naye alijua ya kuwa nalijua. Bibi alimwuliza kwa kuwa alitaka kujua. Mtoto akisoma kwa ajili ya mtu anayetaka habari, huona ya kuwa maneno yake yana kazi, na kusoma kwake humwingia.

Basi, kama mkiniruhusu, nitataja mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya, hata nyumba isiyo na kitabu.

Kwanza, mtumeni mtoto kwa maneno. Twawatuma watoto wetu kuleta maji, kuni na chumvi, lakini ni mara chache kuwapa ujumbe. Mwambie, "Nenda kwa mjomba wako, mwambie nyavu hazijakauka, kwa hiyo kesho hatutoki, kisha urudi uniambie alivyosema." Mtoto atashika maneno, atayapeleka kwa mtu mwingine, na atarudi na maneno ya huyo. Mtahini anataka mambo hayo hayo: sikia, elewa, eleza.

Pili, mwulizeni maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana." Ukisema, "Ulikwenda shule?" atasema, "Ndiyo," na mazungumzo yamekwisha. Sema, "Leo mwalimu alisimulia nini? Nani alikuwamo? Kwa nini alifanya vile?" Na ukiisha uliza, ngoja. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kusema tena. Sisi watu wazima hatuna subira. Mtoto angali analitafuta neno, nasi tumekwisha mjibia.

Tatu, hakikisheni ya kuwa anasoma herufi. Kiswahili kina neema kubwa: vokali zake ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Mtoto akizishika silabi barabara, hakuna neno la kumshinda. Basi mwandikie silabi mchangani, ba, be, bi, bo, bu, kisha ziunganishe hata ziwe maneno yasiyo na maana, kama "bemu" au "lopi," naye ayasome. Atacheka, lakini atakuwa amesoma kweli, kwa kuwa neno asilopata kulisikia hawezi kulikumbuka. Zile ngumu zirudieni mara nyingi: ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe", m inayosimama peke yake katika "mtoto" na ile iliyoshikamana na b katika "mboga." Na akisoma kitabu, funika picha kwa mkono, au mwambie aanze mstari wa mwisho.

Nne, sauti. Wako watoto wanaochanganya r na l. Mtoto akisema, "Nimepoteza karamu yangu," twaweza kucheka, lakini kalamu ni ya kuandikia na karamu ni ya kula, na mtahini hatajua lipi alilolisoma. Vilevile wako wanaosema "zahabu" badala ya dhahabu, na "gali" badala ya ghali. Watoto wanaosoma Kurani chuoni wana bahati katika jambo hili, kwa kuwa ndimi zao zimezoea sauti hizo. Waulizeni wawasaidie wenzao. Lakini msimcheke mtoto, wala msimkatize katikati ya neno. Akisema, "Zahabu ni gali," mjibu, "Naam, dhahabu ni ghali sana." Atasikia, na baada ya siku nyingi atafuata.

Tano, lugha ya nyumbani. Nyumba nyingi za kwetu husema Kikwere, Kizaramo, Kidoe au Kizigua, na hata sisi tusemao Kiswahili tangu utotoni tuna maneno yetu ya pwani yasiyomo katika vitabu. Kiswahili cha vitabu kilichaguliwa na watu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kilitwaliwa kile cha Unguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kukisanifu kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Basi mtoto asifundishwe kuionea haya lugha ya mama yake. Msimulieni hadithi kwa Kikwere, kisha aisimulie yeye kwa Kiswahili. Akiweza hivyo, amekwisha elewa, maana mtu hawezi kugeuza asichokielewa.

Sita, vitendawili na hadithi. Wazee wetu walikuwa na mtihani wao wa kusema kabla shule hazijajengwa. Mtu mzima alisema, "Kitendawili!" na watoto wakaitikia, "Tega!" Kila mmoja alipewa nafasi ya kufikiri na kujibu mbele ya watu, na aliyeshindwa alitoa mji, akapewa jibu, wala hakupigwa. Hapo mtoto alijifunza kujaribu, na kukosa bila kuona aibu. Siku hizi katika nyumba nyingi baba anaitazama simu yake, na mtoto anamtazama baba. Robo saa ya vitendawili usiku haigharimu hata senti moja.

Saba, siku yenyewe ya mtihani. Alale mapema, anywe uji kabla ya kutoka. Asitishwe. Fimbo haijapata kufungua kinywa cha mtoto. Mwambie hivi tu: "Amkia, sema jina lako, tazama herufi, soma kwa sauti ya kusikika. Ukikosa, endelea. Usipolisikia swali, omba urudiwe."

Hayo ni ya nyumbani. Sasa, wazee wangu, naomba radhi kwa neno nitakalolisema. Twasema ya kuwa adabu ya mtoto ni kunyamaza. Mimi naliamini jambo hilo nami nilikuzwa hivyo. Lakini tutazame vema. Mtoto wa kwetu mwenye adabu huja mbele ya mkubwa akasema, "Shikamoo," naye hungojea "Marahaba." Je, hayo si maneno? Adabu yetu yenyewe huanza kwa mtoto kusema na mkubwa kumwitikia. Tunaloharibu ni kwamba tukiisha itikia marahaba, twamfukuza. Tumwulize neno moja kwanza: "Hujambo? Leo umesoma nini?" Tumsikilize mpaka amalize, kisha aende zake kucheza. Heshima yetu haitapungua. Na siku mgeni atakapoketi mbele ya mtoto huyo na karatasi yake, mtoto atakuwa amekwisha zoea ya kuwa watu wazima huuliza na hungojea jibu.

Kwenu waalimu nina neno fupi, kwa kuwa najua mzigo wenu. Darasa likiwa na watoto sitini, na kila mmoja akisoma kwa dakika moja tu, saa nzima imekwisha, na hesabu haijafundishwa. Haiwezekani mwalimu amsikilize kila mtoto kila siku. Lakini watoto wakiketi wawili wawili, mmoja akasoma na mwenzake akafuata kwa kidole kisha akamwuliza maswali mawili, wote sitini watakuwa wamefungua vinywa kabla hamjapita kati ya madawati. Na tena, tuambieni sisi wazazi mapema. Mimi sikujua hali ya mwanangu mpaka mtihani ulipokwisha. Kama ningaliambiwa miezi mitatu kabla, ningaliacha kiburi changu.

Na kwenu wakubwa wa vijiji, naomba jambo moja. Wakati wa dago wavuvi wengine huondoka na watoto wao, na wakati mpunga unapoiva katika bonde la Ruvu watoto huwekwa shambani kuamia ndege. Najua dhiki ya watu wetu. Sisemi watu wasile. Lakini mtoto wa darasa la pili aliyekosa wiki nne amekosa silabi nyingi, na aliyerudi hajui waulizwalo wenzake. Katika mikutano yenu ya kijiji ulizeni, "Watoto wa darasa la pili wako wangapi, nao wako wapi leo?" Swali hilo likiulizwa na mkubwa mbele ya watu, kila baba atajitahidi kuwa na jibu.

Nimesema mengi. Nikiulizwa nitie yote katika neno moja, nitasema hivi: mtoto asiyeulizwa hajui kujibu. Twaweza kumnunulia sare, daftari na mkoba. Lakini kinywa chake hakifunguliwi kwa fedha. Hufunguliwa na mtu mzima aliyeketi karibu naye jioni, akamwuliza jambo, akanyamaza, akasikiliza.

Binti yangu hivi sasa yuko darasa la nne. Usiku wa kuamkia leo nilikuwa nikiisoma hotuba hii kwa sauti, peke yangu, ili nisikwame mbele yenu. Akaja akaketi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mbona unasoma mbio hivyo? Wazee hawatakusikia. Na hapo pa bibi hukueleza vizuri." Zamani ningalimwambia anyamaze. Nikampa karatasi, nikamwambia, "Haya, nionyeshe ni wapi." Akanionyesha, nikaisahihisha.

Basi kama leo mmenisikia vema, mshukuruni yeye. Nami sasa naketi, ili waalimu na wazee waniulize, na nitajaribu kujibu.